Sura ya Tano: Adui Hayumo Uwanjani

Mwezi Juni 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts liliteremka na bonde la Mto Pangani, likaingia Korogwe katikati ya mwezi, na siku chache baadaye likaishika Handeni. Lilipigana kwa jina la Mfalme wa Uingereza, lakini ndani yake mlikuwa na Wahindi, askari weusi wa KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza, na vikosi vya wazungu kutoka Afrika Kusini. Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kuelekea Reli ya Kati. Nyuma yao waliacha njia ya matoroli waliyoijenga kutoka Mombo, penye reli ya Usambara, hadi Handeni. Njia hiyo haikuwa na injini. Toroli lilijazwa mahindi, risasi na masanduku ya dawa, kisha watu wakalisukuma kwa mikono, mlima na mteremko, jua na mvua. Msukumaji hakuulizwa anamchukia nani. Ugomvi ulikuwa wa Kaiser na wa Mfalme, jasho likawa la Mzigua na la Msambaa.

Hivyo ndivyo Afrika Kusini ya wazungu ilivyofika Handeni, kwa bunduki begani. Smuts alirudi kwao akawa waziri mkuu mara mbili, akaongoza nchi iliyokwisha kugawa ardhi na haki kwa rangi ya ngozi. Waliomtoa madarakani mwaka 1948 waliuchukua ubaguzi huo wakaufanya sheria juu ya sheria. Miaka 60 kamili baada ya jeshi lake kupita Korogwe, kijana wa Kitanzania aliyekuwa mkimbiaji bora wa dunia katika mita 1,500 alitakiwa abaki nyumbani kwa sababu ya nchi hiyo hiyo. Sura hii inamhusu yeye, wapinzani wake, na swali ambalo viongozi wa michezo hulikwepa: mgomo wa kisiasa unapoingia uwanjani, bei yake analipa nani?

Watu wa Korogwe hawakuhitaji kuhubiriwa habari za kusini mwa Afrika. Mashamba ya mkonge ya Mkoa wa Tanga yaliishi kwa vibarua waliotoka mbali, na wengi wao walitoka Msumbiji, wakikimbia kazi za shokoa za Mreno. Vyama vya vibarua kama hao, katika mkonge na bandarini, ndivyo vilivyochangia kuzaliwa kwa MANU, moja ya vyama vitatu vilivyoungana Dar es Salaam mwezi Juni 1962 na kuwa Frelimo. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilifungua ofisi Dar es Salaam. Ukombozi wa kusini ukawa kazi ya serikali, somo la darasani na habari ya kila siku ya Radio Tanzania. Michezo isingeweza kubaki kando.

Christchurch

Februari 2, 1974, siku ya mwisho ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, mjini Christchurch, New Zealand. Fainali ya mita 1,500. Filbert Bayi, mwenye umri wa miaka 20, askari wa Jeshi la Wananchi, mzaliwa wa Karatu, anasimama mstarini na Mkenya Ben Jipcho na vijana wa nyumbani, John Walker na Rod Dixon.

Siku zile mita 1,500 zilikimbiwa kwa hila. Watu walijikusanya, wakaviziana mizunguko miwili na nusu, kisha wakafyatuka mwishoni. Bayi hakuwa na subira hiyo. Mlio wa bastola ulipotoka, naye akatoka, na katikati ya mbio alikuwa ameacha pengo la mita zipatazo 20. Waliozoea walisema moyoni kwamba atakata pumzi. Katika mzunguko wa mwisho pengo likaanza kupungua, Walker akaja kwa hatua ndefu huku nywele zake zikipepea na uwanja mzima ukimwita. Bayi akageuza shingo, akaona, akaongeza. Alivuka kwa dakika 3, sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, sekunde 33.1 baada ya dakika 3, ilikuwa imedumu tangu 1967. Walker, wa pili, alitumia 3:32.52, naye pia akawa ameipita rekodi ya Ryun, ila hakuna aliyeiandika kwa jina lake.

Mwaka uliofuata waligawana maili. Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi alimpokonya Ryun rekodi hiyo pia, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Hakuikalia hata miezi mitatu. Agosti 12, mjini Göteborg, Walker alikimbia 3:49.4, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50. Dunia ikaanza kuhesabu siku za kwenda Montreal, ambako wawili hawa wangekutana katika Olimpiki ya Julai 1976. Kati yao hapakuwa na neno baya. Bayi alijua kwamba Walker ndiye aliyemsukuma hadi kwenye rekodi, na Walker alijua kwamba asingejua ukomo wake bila yule Mtanzania wa mbele.

Montreal

Juni 16, 1976, polisi wa Makaburu waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto waliogoma kufundishwa kwa Kiafrikana. Wiki mbili baadaye timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilikuwa imekwisha kutua Afrika Kusini kwa ziara ya mechi. Damu ya watoto ilikuwa haijakauka.

Baraza Kuu la Michezo Afrika, lililoundwa Bamako mwaka 1966, lilikuwa na silaha moja tu, nayo ni kutokwenda. Silaha hiyo ilikuwa imefanya kazi. Tishio la Waafrika kususia Mexico mwaka 1968 liliifanya Afrika Kusini iondolewe mwaliko, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 1972 Rhodesia ya Ian Smith ilitimuliwa mjini Munich siku chache kabla ya michezo kuanza. Safari hii Waafrika walidai New Zealand izuiwe Montreal. Kamati ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Kwa sheria walikuwa sahihi. Kwa mtu aliyezika mtoto Soweto jibu hilo halikuwa na maana yoyote.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutangaza kwamba haiendi. Nyingine zilifuata, mpaka zikafika zaidi ya 20. Baadhi ya timu zilikuwa zimekwisha fika kijijini kwa wanamichezo, na chache zilikuwa hata zimeanza kushindana, ndipo zikafunga mizigo. Kenya iliondoka na Mike Boit, Uganda ikaondoka na John Akii-Bua, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi, Ethiopia ikaondoka na Miruts Yifter.

Fainali ya mita 1,500 ilikimbiwa Julai 31. Bila Bayi hakuna aliyetaka kuongoza. Walikwenda kwa hila za zamani, wakafyatuka mwishoni, na Walker akashinda kwa 3:39.17. Sekunde saba nyuma ya rekodi ya dunia. Ni dhahabu halali, wala hakuna wa kumdai. Lakini hata mshindi alipunguziwa kitu siku ile, kwa kuwa aliyestahili kumshinda au kushindwa naye hakuwapo.

Aliyelipa

Tuseme wazi: mgomo ule ulikuwa wa haki, na ulizaa matunda. Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kule Gleneagles, Uskochi, kupinga michezo na Afrika Kusini. Ndani ya New Zealand wenyewe, kundi la HART, lililokuwa likipinga ziara za kibaguzi tangu 1969, lilipata nguvu mpya. Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, walipokwenda kucheza huko mwaka 1981, waandamanaji walivunja uzio wa uwanja wa Hamilton, wakasimama katikati, na mechi ikafutwa. Raia wa nchi ile ile tuliyoisusia walikuwa sasa wanapigwa virungu kwa ajili ya Waafrika. Anayedhani kwamba adui alikuwa mtu wa New Zealand aanzie hapo kufikiri upya.

Lakini haki ya jambo haifuti deni lake. Bayi alikuwa askari, na askari hupokea amri. Hakuna aliyeketi naye akamwomba achangie medali yake kwa ajili ya Soweto. Iliamuliwa juu yake. Umri wa miaka 23 kwa mkimbiaji wa masafa ya kati ni kilele, na kilele hakingoji Olimpiki nyingine. Waziri aliyetangaza mgomo alibaki na wizara yake. Wafanyabiashara wa nchi tajiri waliendelea kununua dhahabu ya Johannesburg. Mzigo wenyewe waliubeba vijana mia kadhaa waliokuwa wameamka alfajiri miaka minne mfululizo kwenda mazoezini. Yule Mzigua wa matoroli angeielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Kinachomheshimisha Bayi ni namna alivyolipa. Hakumgeuza Walker kuwa shetani ili apate nafuu, wala Walker hakujigamba kwamba Mtanzania aliogopa. Miaka ilivyopita kila mmoja aliendelea kumtaja mwenzake kwa heshima. Bayi mwenyewe baadaye alikuwa kwa miaka mingi Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, akikaa kwenye kiti cha wale ambao zamani waliamua mambo yake.

Jirani aliyekuja na vifaru

Afrika Kusini ilikuwa adui wa mbali. Uganda ilikuwa mlangoni. Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni walivuka kutoka Tanzania wakijaribu kumng'oa Idi Amin. Wakashindwa, na ndege za Amin zikaangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba nchi mbili zilitia saini mapatano Mogadishu. Januari 1973, miezi mitatu tu baadaye, Michezo ya Afrika ilifanyika Lagos. Mtanzania Bayi alishinda mita 1,500 kwa kumpita Kipchoge Keino. Mganda Akii-Bua alishinda mita 400 kuruka viunzi. Bendera za nchi ambazo juzi zilihasimiana zilipanda mlingoti wa uwanja mmoja.

Mpira nao haukukoma. Mwaka 1973 fainali ya Kombe la Chalenji ilichezwa Kampala kati ya Uganda na Tanzania, na wenyeji wakashinda. Mwaka 1974 timu hizo hizo zilikutana tena fainali, safari hii Dar es Salaam, na Tanzania ikalipiza kwa mikwaju ya penalti. Marais hawasalimiani, mabeki wanakumbatiana baada ya filimbi. Rais Nyerere, ambaye mwaka 1976 nchi yake ingesusia Montreal, hakuona haja ya kuisusia Kampala. Kuna mantiki ndani yake. Makaburu waliwanyima watu weusi hata nafasi ya kuingia uwanjani, hivyo kucheza nao kulikuwa kuubariki ubaguzi huo. Mganda wa kawaida hakumnyima mtu kitu. Yeye mwenyewe alikuwa mateka wa Amin.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 Amin aliivamia Kagera na kutangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Kisha, katikati ya maiti na ng'ombe walioporwa, akatoa pendekezo: yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, refa awe Muhammad Ali. Amin alikuwa bondia kweli, bingwa wa uzito wa juu mwepesi wa Uganda katika miaka ya 1950, na Nyerere alikuwa mwalimu mwembamba mwenye mvi. Watu walicheka, lakini mzaha ule ulikuwa na sumu. Aliyeanzisha vita alitaka vionekane kama mchezo, ili akishindwa aseme ilikuwa utani, na akishinda awe bingwa. Tanzania ilijibu kwa kuita mgambo kutoka mikoa yote na kukusanya malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika. Barabara ya Segera, Korogwe na Mombo ilikuwa mojawapo ya njia za kwenda kaskazini. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka.

Akii-Bua, ambaye Amin alimpa nyumba na kuiita barabara jina lake, alikuwa wa kabila la Langi, na Walangi walikuwa miongoni mwa waliochinjwa zaidi katika jeshi la Amin. Vita vilipokaribia Kampala alikimbilia Kenya na familia yake, akaishia kambi ya wakimbizi kabla ya kampuni ya viatu ya Puma kumsaidia kufika Ujerumani. Mwaka 1980 alikimbia Moscow, akaishia nusu fainali. Katika michezo hiyo hiyo bondia Mganda John Mugabi alichukua medali ya fedha. Na Tanzania ikapata medali mbili za Olimpiki ambazo mpaka leo hazijapata mwenza: Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000, na Bayi fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Bayi alikimbia kama Christchurch, mbele na peke yake, lakini safari hii Mpoland Bronisław Malinowski alimfikia karibu na kiunzi cha mwisho cha maji. Mwaka mmoja baada ya vita, Watanzania na Waganda walikula meza moja kijijini kwa wanamichezo.

Kenya haikuwapo. Marekani ilikuwa imeitisha mgomo kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan, na Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Muhammad Ali, refa yule wa Amin, kuzishawishi nchi za Afrika. Alianzia Dar es Salaam. Nyerere hakumpokea. Ali alikutana na waziri wa vijana na utamaduni, Chediel Mgonja, na waandishi wakamwuliza swali ambalo hakuwa ameandaliwa jibu lake: mbona Marekani haikuwa pamoja na Waafrika mwaka 1976? Ali, mtu mkweli hata alipokuwa hajui, alikiri kwamba hakuwa ameelezwa habari hizo. Kenya ilikubali, Tanzania ikaenda Moscow.

Somo la watani

Wilaya za Korogwe na Handeni zina elimu yao juu ya adui. Katika karne ya 19 Wazigua walitangulia kupata bunduki kutoka pwani, wakaanza kuusumbua ufalme wa Wasambaa. Baada ya Mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki, mwanawe Semboja alijikita Mazinde, karibu na Mombo, akaishambulia Vuga, makao makuu ya baba yake. Wabondei nao wakaasi dhidi ya watawala wa Kisambaa. Watu waliuawa, wengine wakauzwa utumwani pwani. Leo vizazi vya hao hao huitwa kwa mkupuo mmoja Waboshazi, wanaoana, wanazikana, na wanakejeliana hadharani bila mtu kutoa kisu.

Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, upande wa pili wa milima, aliandika kuhusu utani wa makabila katika miaka ya 1940. Alielezwa jambo ambalo wazee wengi bado husema: makabila mengi yanayotaniana ni yale yaliyowahi kupigana. Mtani anaruhusiwa kukutukana msibani, kukukumbusha babu yako alivyokimbia, hata kuzuia jeneza mpaka apewe kitu. Lakini ndiye huyo huyo anayechimba kaburi. Uadui haukusahauliwa. Umewekewa mipaka, muda na wajibu. Si bure kwamba mashabiki wa Simba na Yanga hujiita watani wa jadi.

Ugomvi ukiisha wekewa mipaka ya namna hiyo, mtu anaweza kuukataa uovu kwa nguvu zote bila kumkataa mtu aliyesimama mbele yake.

Mkono na bastola ya vidole

Maswali haya hayajaisha. Julai 2023, mjini Milan, Mukreni Olha Kharlan alimshinda Mrusi Anna Smirnova katika mchezo wa vitara. Akamnyooshea kitara wagusanishe, akakataa kumpa mkono. Kanuni zilidai mkono, naye akaondolewa mashindanoni. Siku chache baadaye adhabu ikalegezwa, na Kamati ya Olimpiki ikamwahidi nafasi ya kwenda Paris, ambako alipata medali. Uamuzi ulikuwa wake, naye alikuwa tayari kuibeba hasara yake.

Februari 7, 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wa Kongo walisimama wakati wimbo wa taifa ukipigwa. Kila mmoja aliziba mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kando ya kichwa, kama bastola. Walikuwa wanazungumzia Goma, Masisi na Rutshuru, ambako watu wanaozungumza Kiswahili kama chetu wanauawa na dunia imenyamaza. Kisha wakacheza mpira, wakafungwa bao 1-0, wakapeana mikono na wachezaji wa Ivory Coast waliokuwa hawana kosa lolote. Watazamaji wa bara zima waliuona ujumbe, na hakuna mchezaji aliyenyimwa mechi yake kwa ajili hiyo.

Tukiyaweka matukio haya pamoja na Montreal, tunapata kipimo ambacho mwalimu wa michezo wa Handeni anaweza kukitumia anapoandaa timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kama vile waziri anavyoweza kukitumia Dodoma. Kwanza, ugomvi unaelekezwa kwa nani? Mgomo wa 1976 uliilenga serikali na shirikisho la raga, haukumtukana Walker, na ndiyo maana haukuacha kidonda kati ya wanariadha. Pili, je, kushindana kwenyewe kunaubariki uovu? Kucheza na Makaburu kuliubariki. Kucheza na Waganda wa Amin hakukumbariki Amin. Tatu, anayelipa ameulizwa? Hapo ndipo Montreal ilipopungua, na ndipo Wakongo wa Abidjan na Kharlan walipotuzidi.

Kipimo hicho cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote kwa serikali, kwa sababu mwanariadha aliyeulizwa anaweza kusema hapana. Bayi huenda angesema ndiyo. Alikuwa mwana wa Azimio la Arusha, amelelewa na nchi iliyoamini kwamba uhuru wake haujakamilika mpaka kusini nako kukombolewe. Kama angesema ndiyo, medali aliyoikosa ingekuwa mchango wake na ingestahili kuandikwa hivyo, kwa jina lake, katika orodha ya waliolipia ukombozi wa Afrika Kusini. Kwa kuwa hakuulizwa, taifa bado linadaiwa angalau maelezo.